Saa za Mwajiri na Saa za Mola

Mtu akubalipo kupokea ijara, huwa ameuza nini: kazi ya mikono yake, au umri wake wenyewe, saa baada ya saa? Swali hili katika Kisii na Nyamira, kaunti za Kenya wakaamo Abagusii, hurejea kila Ijumaa jua lituapo; kwani tangu Waadventista walipofungua misheni yao Nyanchwa mwaka 1912, mwaka mmoja baada ya Wakatoliki kufungua ya kwao Nyabururu, umma mkubwa wa Abagusii umeishika Sabato, ambayo huanza magharibi ya Ijumaa na kwisha magharibi ya Jumamosi, ilhali katika daftari za waajiri wengi Jumamosi ni siku ya kazi.

Sheria haikulifumbia macho jambo hili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 32, yakataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya imani yake. Lakini wako wasemao kwamba mwajiri akimwachia mtu siku yake ya ibada, au akimruhusu mama mwenye mtoto mgonjwa abadili zamu, amefanya ihsani ya kushukuriwa. Mimi siafiki. Wakati ni amana ya Mola kwa wote wawili, na hakuna awezaye kumruzuku mwenziwe kwa mali ambayo si yake.

Hata hivyo insafu yadai tumsikilize mwajiri naye. Majani ya chai yakishachumwa sharti yafike kiwandani siku ile ile, Kebirigo au Sanganyi, la sivyo huharibika. Na mgonjwa wa hospitali kuu ya Kisii haachi kuumwa kwa kuwa muuguzi wake yumo kanisani. Hapa ndipo desturi ya egesangio, ambayo kwayo majirani hulima leo shamba la huyu na kesho la yule, hutuonyesha njia iliyo nyoofu kuliko hotuba zote: Mkatoliki ashike zamu ya Jumamosi, Mwadventista aishike ya Jumapili, na Mwislamu wa mjini apewe adhuhuri yake ya Ijumaa kisha arejee kazini, kwa maana Kurani yenyewe yawaamuru waumini watawanyike baada ya sala wakatafute fadhila za Mwenyezi Mungu.

Linalonisumbua zaidi ni jingine. Siku ya ibada hujulikana mapema, lakini homa ya mtoto haina ratiba, na likizo ya uzazi ya miezi mitatu huisha ilhali mtoto angali ananyonya. Fauka ya hayo, amri ya Sabato yenyewe humtaja mtumwa na mjakazi, na hata mnyama na mgeni aliye malangoni, pamoja na bwana wa nyumba, wala haimpi bwana huyo hiari ya kuwagawia pumziko apendavyo. Basi mwajiri afungaye duka lake Ijumaa jioni kwa taadhima kuu, kisha akamwacha mtumishi wa nyumbani apike na kuosha vyombo vya wageni wa Sabato mchana kutwa, hajaipumzisha nyumba yake. Na mtumishi huyo, ambaye hana mwenziwe wa kubadilishana naye zamu, ndiye astahiliye kuulizwa kwanza ni saa zipi angependa ziwe zake.