Je, Mteja Anadaiwa Uaminifu? Mfano wa Watengenezaji wa Vifaa vya Kuzamia

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili ambayo wafanyabiashara wangependa tuyatenganishe. Tunasema "mteja mwaminifu" tukimaanisha mtu asiyehama duka. Tunasema pia "mfanyabiashara mwaminifu" tukimaanisha mtu asiyedanganya. Neno ni lile lile, ila mzigo haulingani: wa kwanza anatakiwa kubaki, wa pili anatakiwa kusema kweli. Katika insha hii nauliza maswali mawili. Je, mteja anadaiwa uaminifu na kampuni? Na kampuni zinazoshindana zina wajibu gani kwa wateja wa wapinzani wao?

Nimechagua vifaa vya kuzamia chini ya maji, ingawa sisi tunaosoma hapa Uganda tuko mbali na bahari. Sababu ni kwamba katika biashara hii swali halikwepeki. Mtu akinunua viatu vibaya, ataumia vidole. Akinunua kidhibiti cha hewa kibovu, huenda asirudi juu.

Tuanze na namna vifaa hivyo vinavyofanya kazi. Mzamiaji hubeba mtungi ambao mara nyingi hujazwa hewa kwa shinikizo la bar 200 hivi. Hakuna pafu linaloweza kupokea hewa hiyo moja kwa moja. Kidhibiti huishusha kwa hatua mbili mpaka ilingane na shinikizo la maji yanayomzunguka mzamiaji, nalo huongezeka kadiri anavyoshuka: kwenye mita 10 ni mara mbili ya lile la juu ya maji, na kwenye mita 30 ni mara nne. Mzamiaji wa kawaida hawezi kuona ndani ya kidhibiti chake. Anachoweza ni kuamini tu.

Ushindani katika biashara hii una sura nzuri pia, na si haki kuuficha. Mwaka 1943, huko Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kifaa kilichokuja kujulikana kama Aqua-Lung, chenye mabomba mawili. Hataza ilikuwa upande wa kampuni ya Air Liquide, ambako Gagnan alifanya kazi. Huko Melbourne, Australia, Ted Eldred alitaka kutengeneza cha kwake bila kuvunja hataza hiyo. Kwa kuwa njia ya mabomba mawili ilikuwa imefungwa, akatafuta nyingine, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akauza kifaa chake kiitwacho Porpoise, chenye bomba moja. Mwaka 1960 Air Liquide iliinunua kampuni yake. Leo karibu kila mzamiaji anatumia muundo wa bomba moja. Kama wateja wote wangeapa kutohama chapa yao ya kwanza, wazo la Eldred lingekosa mnunuzi. Kwa hiyo mteja anayehama si msaliti. Kuhama kwake ndiko kunakomwambia mtengenezaji kwamba kuna mwingine aliyefanya vizuri zaidi.

Hata hivyo, kampuni hazipendi wateja wahame, nazo zina njia za kuwafunga. Baadhi ya watengenezaji wa vidhibiti huahidi vipuri vya bure kwa muda wote mnunuzi atakapomiliki kifaa, kwa sharti kwamba kila mwaka akipeleke kwa wakala aliyeidhinishwa, huku gharama ya fundi ikiwa juu yake. Akiruka mwaka mmoja, ahadi inaweza kufutika. Kuna hoja ya kweli hapa: mipira ya ndani huchakaa, chumvi hula chuma, na fundi asiyefunzwa anaweza kuua. Lakini sharti hilo hilo humfunga mteja kwa duka moja. Tutajuaje kama ni ulinzi au mnyororo? Napendekeza kipimo hiki: tuondoe faida, kisha tuulize kama kanuni ingebaki. Kampuni inayojali usalama ingefurahi kuona fundi yeyote aliyefuzu, hata wa duka la mpinzani, anapata mafunzo na vipuri vyake. Ikiwa inamkataa fundi mwenye ujuzi kwa sababu tu hauzi bidhaa zake, basi usalama umekuwa kisingizio. Uaminifu wa namna hiyo haujatoka moyoni mwa mteja. Ni wa mbuzi aliyefungwa kamba, ambaye hatumsifu kwa kutotoroka.

Sasa tutazame upande wa kampuni. Mwaka 2003 kampuni ya Marekani ya Johnson Outdoors, iliyomiliki chapa za Scubapro na Uwatec, ilitangaza kurudishwa kwa kompyuta za kuzamia aina ya Aladin Air X Nitrox za mwaka 1995. Kompyuta ya kuzamia humwonyesha mzamiaji kiasi cha naitrojeni kilichobaki mwilini, ili asipande kwa namna itakayoleta vipovu kwenye damu. Nitroksi ni mchanganyiko wenye oksijeni nyingi na naitrojeni kidogo kuliko hewa ya kawaida. Kosa la programu lilikuwa kwamba ilikokotoa kana kwamba mzamiaji anaendelea kupumua nitroksi hata anapopumzika juu ya maji, kumbe anapumua hewa tuliyo nayo sote. Hivyo ingeweza kumwambia yuko salama kabla hajawa salama.

Tuzingatie ni nani alikuwa hatarini zaidi. Si yule aliyebadilisha chapa baada ya mwaka mmoja. Ni yule aliyeendelea kuivaa kompyuta yake mwaka baada ya mwaka, akiamini kila namba iliyotokea kwenye kioo. Mteja mwaminifu ndiye aliyebeba hatari kubwa. Hapa ndipo naona jibu la swali la kwanza. Kadiri mteja anavyobaki, si yeye anayezidi kudaiwa. Kampuni ndiyo inayozidi kudaiwa. Maneno amini, imani na amana yana mzizi mmoja, na amana si mali ya anayeitunza. Uaminifu wa mteja umewekwa mikononi mwa kampuni kama amana. Inaweza kuutunza au kuupoteza, lakini haiwezi kuudai.

Vipi kuhusu wateja wa mpinzani? Wapo watakaosema kampuni haina deni kwa mtu ambaye hakuilipa chochote. Chini ya maji hoja hiyo haisimami. Mzamiaji akiishiwa hewa, humsogelea mwenzake na kupumua kwa mdomo wa akiba wa kifaa cha mwenzake huyo. Hakuna anayeuliza chapa wakati huo. Aidha, katika vituo vya kuzamia vya Zanzibar, Mafia au Watamu, wageni wengi hukodi vifaa. Mgeni anayekodi hakuchagua kampuni wala hakuinunulia kitu, lakini pumzi yake iko humo. Kwa hiyo wajibu wa mtengenezaji hauishii kwa aliyetoa fedha. Unamfikia yeyote aliye upande wa pili wa bomba. Na kama ni hivyo, mtengenezaji anayegundua hatari katika kifaa cha mpinzani hawezi kunyamaza akisubiri ajali impatie wateja.

Kuna pingamizi zito hapa. Onyo kutoka kwa mpinzani linanuka biashara. Leo litakuwa la kweli, kesho litakuwa uzushi wa kuharibia mwenzake jina, na mnunuzi hataweza kutofautisha. Nakubali hatari hiyo ipo. Lakini inahusu njia ya kusema. Haifuti wajibu wa kusema. Mwenye ushahidi aupeleke kwanza kwa mtengenezaji mwenyewe. Asiposikilizwa, aupeleke kwa mamlaka ya usalama wa bidhaa, si kwenye tangazo la mauzo. Mpinzani anayeonya bila kutaja bei ya kifaa chake ametimiza wajibu. Anayeonya na kumalizia kwa "nunua chetu" ametumia hofu ya watu kama mtaji.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inafaa kwa embe na vitenge, vitu ambavyo jicho na ulimi vinaweza kuvihukumu. Kidhibiti cha hewa hakijiuzi kwa namna hiyo, kwa sababu ubaya wake hauonekani mpaka umechelewa. Pale ambapo mnunuzi hawezi kujionea, ukweli wa muuzaji ni sehemu ya bidhaa yenyewe, sawa na chuma na mpira. Mteja ana uhuru wa kuhama leo bila kuomba radhi. Kampuni haina uhuru kama huo: iliyoshika pumzi ya mtu haiwezi kuhama kutoka kwenye ukweli, awe mteja wake au wa jirani.