Mguu Unaposita

Masomo: Zaburi 19:12, Wagalatia 2:11-14, Marko 1:40-42



Mwezi huu twapenda tutafakari pamoja jambo dogo ambalo kila mmoja wetu hulifanya kila siku, na mara nyingi bila kujua. Jambo hilo ni kusita.

Tupo sokoni Mwigobero, na mtu fulani anatujia. Kabla hatujawaza lolote mguu umekwisha geuka, na macho yamepata kazi ya kuchagua dagaa ambao hatuna haja nao. Tunapanda basi Bunda kuja Musoma. Viti viwili vi wazi, na bila kujiuliza twaenda kukaa karibu na yule aliyevaa vizuri. Tunaulizwa habari za nyumbani, na swali halijaisha kinywa kimekwisha jibu "nzuri," hata kama mtoto ana homa na unga umekwisha. Tunakaribishwa chakula, nasi twasema tumeshiba, huku tumbo likitusuta.

Mengi ya hayo si dhambi. Mungu ametuumba hivi kwamba mwili hufanya kazi nyingi bila kuagizwa. Kama ingetupasa kufikiri kila hatua na kila salamu, tusingefika hata kisimani. Kijana anayeinamisha macho anapomwamkia mzee hana kosa, ana adabu. Wala mwenye haya asihukumiwe kwa haya zake.

Lakini yafaa tujue kwamba kinywa chaweza kufundishwa maneno mazuri, ila mguu, jicho na mkono hutoa habari za moyo bila kuulizwa. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko mwaka 1999, alituzoeza kuitana "ndugu," na ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilikuwa kuwahesabu watu wote kuwa ndugu. Neno hilo tumelishika vema. Je, miguu yetu imelishika pia? Mwenye Zaburi ya 19 hakutosheka kuomba msamaha kwa makosa aliyoyajua. Aliona kwamba hakuna mtu awezaye kuyatambua makosa yake yote, akaomba atakaswe na yale yaliyofichika kwake mwenyewe.

PETRO MEZANI

Huko Antiokia Mtume Petro alikuwa akila pamoja na Wakristo wa Mataifa. Wakaja watu kutoka kwa Yakobo, naye akaanza kujitenga. Hakuhubiri kwamba watu wa Mataifa hawafai, wala hakuwafukuza. Aliondoka tu mezani, kwa hofu. Lakini wengine walimwona, wakamfuata, hata Barnaba naye akachukuliwa. Ndipo Paulo akamkemea mbele ya watu wote, maana aliona kwamba Injili yenyewe imeguswa. Kiti kilichoachwa wazi kilikuwa kimehubiri kuliko maneno ya Petro.

KATIKA MEZA YA BWANA

Basi tujiulize habari za meza yetu. Yuko mshiriki ambaye inasemekana ana virusi vya UKIMWI. Wakati wa kwenda madhabahuni unapofika, anasimama. Nyuma yake mmoja anakumbuka kufunga kamba ya kiatu. Mwingine anasubiri kundi linalofuata. Wa tatu anahamia upande wa pili, ili kikombe kimfikie yeye kwanza. Hakuna aliyesema neno baya, na pengine hakuna aliyejua alichofanya. Lakini yule ndugu ameona. Katika kanisa zima ndiye ambaye hakosi kuona.

Madaktari wametufundisha miaka mingi kwamba virusi hivyo haviambukizwi kwa kunywa katika kikombe kimoja, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kukaa benchi moja. Hatusemi habari za wakati wa magonjwa ya mlipuko, ambapo kanisa hutoa agizo kwa wote. Agizo la wote halimtengi mtu mmoja. Twasema juu ya hofu isiyo na sababu. Katika zile Ibara 39 za Kanisa letu, Ibara ya 30 yafundisha kwamba kikombe cha Bwana kisinyimwe waumini. Mchungaji hamnyimi mtu huyo kikombe. Ni sisi tunaomnyima wenzi wa kunywa pamoja naye. Akizoea kuona hayo, ataanza kubaki nyumbani Jumapili. Na anayeona haya kuonekana kanisani, kesho aweza kuona haya kuonekana kliniki, akaacha dawa zinazomweka hai.

BIBI MWENYE MACHO MEKUNDU

Liko jambo lingine, zito zaidi. Katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa akina bibi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ushahidi uliotajwa ni macho mekundu. Nasi sote twajua macho hayo yametoka wapi. Yametoka katika moshi wa kuni na wa samadi, kwa kuwapikia watoto na wajukuu miaka hamsini au sitini.

Mambo hayo hayaanzi kwa panga. Huanza pale mama anapomvuta mtoto mkono wapitie njia nyingine. Kisha jirani haendi tena kuomba chumvi. Kisha mazungumzo yananyamaza bibi akipita. Watu husema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Siku mtoto wa kijiji anapofariki kwa malaria, jina limekwisha andaliwa. Mwuaji huja usiku, lakini njia yake ilifyekwa mchana na watu wapole waliosita kusema "shikamoo, bibi." Damu ya mzee huyo itaulizwa kwa nani?

Tukumbuke ya kuwa ungamo la Sala ya Asubuhi, katika Kitabu cha Sala cha 1662, hutaja kwanza yale tuliyoyaacha bila kuyatenda, ndipo likataja yale tuliyoyatenda vibaya. Kusita ni katika hayo ya kwanza.

MKONO ULIOTANGULIA

Mwenye ukoma alipomjia Yesu, kila mtu aliyekuwapo alijua namna ya kurudi nyuma. Yesu alinyosha mkono akamgusa, ndipo akasema neno la kumtakasa. Alimgusa angali na ukoma wake. Hii ndiyo habari njema: Mungu hakusita juu yetu.

Neema hiyo imeonekana hata hapa Mara. Ule Ufufuo ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, katika misheni ya Kianglikana, ulifika Shirati mwaka 1942 kati ya ndugu zetu Wamenoniti. Watu waliungama, wakapatana, wa kabila hili na wa kabila lile, Waafrika na wamisionari. Waliita jambo hilo kutembea katika nuru. Salamu yetu ya "Bwana asifiwe" twaidai kwa mashahidi wa Ufufuo huo. Kwao haikuwa mazoea ya mdomo. Aliyeitoa alikuwa tayari kueleza moyo wake ulivyo, na kusikiliza wa mwenzake.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila jioni tumwombe Roho Mtakatifu atuonyeshe tulipogeuza mguu siku hiyo, na kwa sababu ya nani. Jina likija moyoni, tusilifukuze.

Pili, kesho yake tumwendee mtu huyo sisi kwanza. Tukiuliza habari zake na akajibu "nzuri," tusiondoke upesi. Tukae kidogo. Mara nyingi habari yenyewe hutoka baada ya salamu ya tatu.

Tatu, Jumapili ijayo tupige magoti pale nafasi ilipo, bila kuangalia ni nani aliye kando yetu. Na akina mama wa UMAKI, pamoja na vijana, wapange zamu ya kuwatembelea bibi wanaokaa peke yao, mchana, mbele ya macho ya kijiji kizima, ili kila mtu ajue kwamba mzee huyu ana watu.

Tuombe: Ee Bwana, wewe wayajua makosa yetu tusiyoyajua. Utakase mioyo yetu, na mikono na miguu yetu pia, ili tusimpite yeyote uliyemfia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.