Haki ya Mwenye Ua na Haki ya Mtoto wa Jirani



Yako mambo madogo katika mitaa yetu ambayo huvunja ujirani kuliko makubwa, na mojawapo ni hili la watoto kuingia katika ua wa mtu pasina idhini. Huingia wakapopoa maembe yangali machanga, wakavunja matawi ya mkunazi, wakakanyaga mirihani na miasumini, na mpira wao ukavunja kioo cha dirisha. Mwenye nyumba hutoka na bakora. Mtoto hukimbilia kwao akilia. Mama yake husimama mlangoni, na maneno yakaanza. Magharibi haijaingia, watoto wameshapatana na wanacheza. Wazee wao ndio waliobaki wamenuniana, na huenda wakanuniana hata mmoja akafa na mwenzake asiende kumzika.

Basi suala ni hili: mwenye ua ana haki gani, na haki hiyo yakoma wapi?

Twaanza na haki yake, kwa sababu wako watu ambao wakisikia habari ya kuwahurumia watoto hudhani kwamba mali ya mtu huwa halali maadamu aliyeichukua ni mdogo. Sivyo hivyo. Nyumba ya mtu ni sitara yake, na uani khasa ndipo wanawake wanapokaa bila ya buibui zao. Mwenyezi Mungu katika Surat An-Nuur ametukataza kuingia nyumba za wengine mpaka tutake idhini na tutoe salamu. Na katika sura hiyo hiyo ameamrisha kwamba hata watoto ambao hawajabaleghe watake idhini kwa wazee wao katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapopunguza nguo zao, na baada ya sala ya isha. Tazama, ndugu msomaji: ikiwa mtoto hufunzwa kupiga hodi katika nyumba anayolala, itakuwaje asifunzwe kupiga hodi kwa jirani?

Ama kile kilichoharibika, hukumu yake iko wazi. Mtoto ambaye hajabaleghe haandikiwi dhambi, kwani Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba kalamu imeondolewa kwake hata abaleghe. Lakini kuondolewa dhambi si kuondolewa dhamana. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mtoto akiharibu mali ya mtu, thamani yake ni deni juu ya mali ya mtoto mwenyewe, na walii wake ndiye amtoleaye. Baba hakulazimishwa kutoa katika mfuko wake, ikiwa si yeye aliyemtuma. Walakini ni baba gani mwenye muruwa atakayemwambia jirani yake angoje mtoto akue, apate mali, ndipo alipwe kioo chake? Sharia imeweka mpaka ambao mtu akishuka chini yake amedhulumu. Haikumkataza mtu kupanda juu yake kwa wema.

Haki ya mwenye ua imethibiti. Sasa na tutazame namna ya kuidai, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Wamepokea Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah habari ya Rafii bin Amr al-Ghifari, kwamba alipokuwa kijana mdogo alikuwa akiipopoa mitende ya Ansari kwa mawe. Akakamatwa, akapelekwa kwa Mtume (S.A.W.). Mtume hakuanza kwa kumpiga wala kumtukana. Alianza kwa kumuuliza sababu ya kuipiga mawe mitende ya watu. Akajibu kwamba alitaka kula. Mtume akamkataza kupiga mawe, akamruhusu kula zilizoanguka chini, khalafu akampapasa kichwa na kumuombea Mungu alishibishe tumbo lake. Wako wanavyuoni walioitilia udhaifu isnadi ya hadithi hii na wako walioikubali; lakini maana yake yaungwa mkono na habari ya pili, ambayo wataalamu wa hadithi wameisahihisha.

Nayo ni habari ya Abbad bin Shurahbil. Alifika Madina katika mwaka wa njaa, akaingia katika shamba la mtu, akapukusa masuke, akala, na mengine akayatia katika nguo yake. Mwenye shamba akaja, akampiga na akamnyang'anya nguo. Abbad akaenda kumshitaki kwa Mtume (S.A.W.). Mtume akamlaumu yule mwenye shamba kwamba hakumfunza alipokuwa hajui, wala hakumlisha alipokuwa na njaa. Akamuamuru airudishe nguo, na Abbad akapewa chakula cha kuchukua.

Zingatia, ndugu yangu. Mwenye shamba hakuambiwa kwamba mazao si yake. Yalikuwa yake. Aliambiwa kwamba kabla ya kuidai haki yake kwa bakora, yeye mwenyewe alikuwa na madeni mawili hajayalipa: kufunza na kulisha. Na ikiwa haya yalisemwa kwa ajili ya aliyekuwa mtu mzima, mtoto ambaye kalamu haijaanza kumwandikia yampasa zaidi. Na katika habari ya Rafii liko jambo jingine kubwa: katazo lilikuja pamoja na mlango wa halali. Alikatazwa mawe akaonyeshwa zilizoanguka. Sisi hukataza tu, na mtoto aliyekatazwa pasi na kuonyeshwa njia husubiri mwenye nyumba aende sala ya asiri, akaruka ukuta.

Huenda mtu akasema, "Watoto wa mtaa wangu hawana njaa. Wameshiba, na wanaharibu kwa mchezo tu." Twasema: mchezo nao ni haja ya mtoto kama chakula. Katika Mji wa Kale wa Mombasa na katika mji wa Lamu nyumba zimesongamana, na kichochoro ndicho kiwanja. Katika mitaa mipya, vile viwanja vitupu ambavyo sisi tulichezea vingi vimekwisha kujengwa, na nyumba hizo tumezijenga sisi wenyewe. Basi tusistaajabu mpira ukianguka uani. Wazee wa mtaa na wa msikiti wangeweza kutaka idhini ili uwanja wa madrasa au wa skuli ufunguliwe baada ya asiri, akae mtu mzima mmoja kuangalia. Hilo lingeokoa vioo vingi kuliko bakora.

Na mwengine husema, "Nikimpa mmoja embe, kesho watakuja ishirini." Kwanza ajue kwamba Mtume (S.A.W.) ametupa bishara kuwa kila mti apandao Mwislamu, kiliwacho na mtu au ndege au mnyama ni sadaka yake, na katika mapokezi ya Muslim, hata kilichoibwa ni sadaka yake. Kwa hivyo embe iliyokwenda haikupotea katika hesabu yake. Pili, hapana aliyemwambia auache mlango wazi. Kufunga mlango, kuinua ukuta, kuweka siku maalumu ya kuwagawia watoto matunda, yote haya ni haki yake na wala si uchoyo.

Lakini iko mipaka minne ambayo haijuzu kuivuka.

Wa kwanza ni kumpiga mtoto wa mtu. Haki ya kumtia mtoto adabu ni ya baba yake au walii wake, na ya mwalimu kwa idhini yao; na hata hao, wakimdhuru katika kumtia adabu, wanavyuoni wa Shafi wamewatia dhamanani. Jirani hana hata idhini hiyo. Na sharia ya nchi nayo imekaza: Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeupandisha umri wa mtoto kuweza kushitakiwa kwa jinai kutoka miaka 8 hadi miaka 12. Kwa hivyo anayempeleka polisi mtoto wa miaka tisa kwa ajili ya kunazi hatapata hukumu juu yake, na yeye aliyempiga ndiye aweza kushitakiwa.

Wa pili ni kuweka kitu cha kudhuru. Ukuta mrefu huzuia. Vipande vya chupa juu ya ukuta hukata. Ajuaye kwamba wapandao ukuta wake ni watoto wa miaka saba, na akapanga vipande vya chupa ili wajifunze, amekusudia damu kwa ajili ya embe. Asli ya dini yetu ni kutodhuru na kutolipiza dhara kwa dhara.

Wa tatu ni kago na Halbadiri. Wako watu waufungao mti hirizi ili amgusaye avimbe tumbo, na wako waitao watu kumsomea Halbadiri asiyejulikana aliyechuma matunda. Kuitakidi kwamba kitambaa chekundu na mizizi vyaweza kunufaisha au kudhuru ni kumshirikisha Mungu. Na kukaa kitako watu wazima kumuombea maangamizi mtoto ambaye Mungu mwenyewe hakumwandikia dhambi, ni jambo la kumwonea mtu haya. Mtume alimuombea Rafii ashibe. Sisi twamuombea mtoto wa jirani afe.

Wa nne ni kumtukana mtoto kwa wazazi wake. Neno hilo halimfunzi mtoto lolote, na ndilo linalobaki moyoni mwa wazee baada ya embe kusahauliwa.

Sasa twawageukia wazazi, kwani kosa lao katika jambo hili ni kubwa kuliko la watoto. Mzazi aambiwaye kwa upole kwamba mwanawe amevunja kioo, akajibu, "Watoto ni watoto," au akatoka kugombana, amemfunza mwanawe kwamba dhulma ina wakili. Wazee walisema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Lipasalo ni kumshika mtoto mkono, kwenda naye kupiga hodi, kumfanya aombe radhi kwa kinywa chake, na kumshirikisha katika kutengeneza alichoharibu. Katika Surat Al-Anbiyaa imetajwa hukumu ya Daud na Sulaiman (A.S.) juu ya kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Wafasiri wameeleza kwamba Sulaiman aliamua wenye kondoo walitengeneze shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, na mwenye shamba anufaike na kondoo mpaka wakati huo. Ni hukumu ya kurudisha kilichoharibika, na kila mmoja akabaki na mali yake. Mtoto aliyekanyaga mwasumini akaupanda upya kwa mkono wake, akaumwagilia maji mwezi mzima, hataukanyaga tena. Na hatavumilia mwenzake aukanyage.

Basi, ewe mwenye ua: funga mlango wako, na wajue watoto wa mtaa kwa majina yao. Akiingia mmoja, muulize kwanza. Mfunze hodi. Mpe kilichoanguka. Akirudia, nenda kwa baba yake, wala usende na watu, uende peke yako baada ya isha. Akikulipa, pokea au samehe. Asipokulipa, wapeleke wazee kati yenu. Mahakama ya Kadhi kwa Katiba ya 2010 husikiza ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Habari ya kioo na maembe haimo, na si jambo la kumpelekea wakili. Hilo ni la baraza, na baraza zetu tusiziache zikawa za kahawa na porojo tu.

Jibrili alimuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani hata akadhani atamrithisha. Na mtoto yule arukaye ukuta wako leo, kwa umri wa Mungu, ni katika watakaolibeba jeneza lako. Mfunze sasa namna ya kuingia kwako.

Mwenyezi Mungu atupe taufiki. Wallahu aalam.