Wakili Apitaye Idhini ya Mwenyewe

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Amma baad. Mtu humpa wakili kesi yake ya shamba, akakaa nyumbani akingoja hukumu. Siku moja huambiwa: "Kesi imekwisha, wakili wako amesuluhisha kwa nusu." Hakuulizwa wala hakuridhia. Akinung'unika, watu humwambia: "Nusu ni kheri kuliko kukosa yote, shukuru Mungu." Je, maneno haya ni ya haki?

Jua, ewe ndugu, ya kwamba uwakala ni kumpa mwenzio amri katika jambo lako, kwa mipaka uliyoiweka wewe. Mfano wake umo katika Sura ya Al-Kahf, aya ya 19. Vijana wa pangoni walimtuma mmoja wao mjini na fedha yao akanunue chakula, wakamwagiza atafute kilicho safi, awe mpole, wala asimjulishe mtu habari zao. Lau angalileta chakula kizuri kabisa, na huku ametangaza walipo, uzuri wa chakula ungaliwafaa nini?

Ndipo maimamu wetu wa Kishafii wakasema: wakili aliyeamriwa kuuza bila ya sharti haimjuzii kuuza kwa mkopo, wala kwa bei iliyo chini sana ya bei ya soko, wala kujiuzia nafsi yake. Na wakili wa kesi hana ruhusa ya kusuluhisha wala kusamehe deni, mpaka apewe idhini ya jambo hilo. Mkono wake ni mkono wa amana. Akipindukia, hulipa kilichoharibika.

Huenda mtu akasema: "Mbona Urwa Al-Bariqi alipewa dinari na Mtume, sala na amani zimshukie, anunue kondoo mmoja, akanunua wawili, akamwuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari, na Mtume akamwombea baraka?" Ni kweli, na Hadithi hiyo imo katika Sahih ya Bukhari. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika jambo hili. Mahanafi na Mamaliki husema: mauzo ya asiye na idhini, aitwaye fudhuli, husimama mpaka mwenye mali aridhie. Imam Shafi, katika kauli yake mpya, asema ni batili tangu mwanzo. Lakini tazama: hata kwa hao wanaoyasimamisha, kinachoyatimiza ni ridhaa ya mwenyewe, wala si wingi wa faida. Na Urwa alirudi na vyote viwili, akaviweka mbele ya mwenyewe.

Basi yule aliyesuluhishiwa kwa nusu hakunyimwa shamba tu. Amenyimwa neno lake katika lililo lake. Pengine alitaka haki ijulikane mbele ya watu, hata akishindwa. Pengine angalikubali nusu hiyo hiyo, lau angaliulizwa. Wakili aijua sheria kuliko yeye. Lakini ajuaye njia siye mwenye safari.

Na mteja naye ana wajibu wake. Asinyamaze akingoja matokeo: ikija faida aseme ameridhia, ikija hasara aseme hakuridhia. Huo nao ni udhalimu.

Kwa hiyo, ndugu, andika mipaka yako mapema, na umwambie wakili waziwazi kwamba hapana sulhu ila kwa idhini yako. Usitegemee kuja kuivunja baadaye, kwani mahakama za Kenya humhesabu wakili kuwa ana uwezo wa kusuluhisha kwa niaba ya mtu wake, na maafikiano yakisha kuandikwa ni taabu kuyatangua. Akipita mpaka, mwulize kwanza, usimsengenye barazani. Huna haja ya kuendelea naye, kwani uwakala ni mkataba ambao kila mmoja aweza kuuvunja. Mwondoe kwa barua, udai hesabu na karatasi zako. Akikataa, Kenya iko tume ya kupokea malalamiko juu ya mawakili, na Tanzania iko Kamati ya Mawakili. Kudai haki yako kwa njia yake si ugomvi.

Nawe uliye wakili, kumbuka kuwa swali moja kwa mwenye mali lachukua saa moja, na dhamana ya amana yakufuata hata Akhera.

Wallahu aalam.