Nicodemus, Kansas: Ahadi, Ardhi na Watu

Nicodemus ni kijiji kidogo katika wilaya ya Graham, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani. Hakina meya, hakina baraza, na wakazi wake wa kudumu hawafiki hamsini. Lakini historia yake inagusa swali la zamani la dini: Mungu anapowaahidi watu nchi, ahadi hiyo hutimia katika ardhi au katika watu wenyewe?

Kijiji kilianzishwa mwaka 1877, serikali ilipoondoa Kusini wanajeshi wa mwisho waliowalinda Weusi baada ya utumwa kukomeshwa. Walowezi wake walikuwa Weusi, wengi wao kutoka Kentucky. Walikuwa wamelelewa kwa habari za Musa na Farao, hivyo waliposikia kuna ardhi ya bure Kansas, waliona Kanaani. Walikuta nyika isiyo na miti. Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878 na mumewe mchungaji, alisimulia baadaye kwamba alipouliza mji uko wapi, alionyeshwa moshi ukifuka kutoka ardhini. Watu walikuwa wakiishi ndani ya mashimo, wakikoka moto kwa mabua ya alizeti na mavi makavu ya nyati. Mama huyo alilia. Familia kadhaa zilirudi zilikotoka. Waliobaki walisali humo humo mashimoni, kabla ya kanisa la mawe kusimama.

Masimulizi ya kijiji yanasema kwamba katika baridi ya kwanza, Waosage, jamii mojawapo ya wenyeji wa asili, waliokuwa wakirejea kutoka mawindoni waliwagawia chakula. Tukio hili lina uzito zaidi kuliko linaopewa kwa kawaida. Waosage wenyewe walikuwa wamehamishwa kutoka Kansas miaka michache tu kabla ya hapo, na nyika ile ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa wenyeji wengine, wakiwemo Wapawnee na Wacheyenne. Kanaani ya Biblia nayo ilikuwa na wenyewe. Anayesema ahadi ni ardhi hana budi kueleza haki ya waliofukuzwa juu yake, na walowezi wa Nicodemus, waliojua maana ya kunyang'anywa, walilishwa na watu walionyang'anywa. Wema ule haukutegemea hati ya kiwanja.

Mwaka 1888 reli iliyotarajiwa ilipita ng'ambo ya mto Solomon. Wafanyabiashara wakaifuata, wengine wakiburuta hata majengo yao hadi mji mpya wa Bogue. Ukame wa miaka ya 1930 uliwaondoa wengi zaidi, na posta ikafungwa mwaka 1953. Kama jamii ni sheria au uchumi, Nicodemus ilipaswa kufutika hapo.

Haikufutika. Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, wajukuu na vitukuu husafiri kutoka majimbo mbalimbali kuadhimisha ukombozi, desturi iliyoanza enzi za waasisi. Hata hivyo, hawakutani Denver, ambako wengi wao wangefika kwa urahisi zaidi. Wanakuja pale pale nyikani, kwa hiyo ardhi nayo ina sehemu yake: ahadi imebebwa na watu, lakini wanahitaji mahali pa kuitamkia. Tangu 1996 serikali ya Marekani imekitambua kijiji kuwa eneo la kihistoria la taifa, likijumuisha makanisa mawili, shule, hoteli ya zamani na ukumbi wa mikutano.