Yaliyoandikwa na Hiari ya Mwanadamu

Kuna aina ya hikaya ambazo katika miaka hii zimeenea sana baina ya vijana, na hasa wasichana, nao huzisoma vitabuni na katika simu zao. Ndani yake mna watu ambao hugeuka wakawa mbwa mwitu, wale wa nchi za baridi. Huishi makundi makundi, na kila kundi lina mkuu wake, aitwaye Alfa, ambaye amri yake haipingiki. Na kila mmoja wao ameandikiwa mwenzi wake. Siku atakayomwona, au atakayoisikia harufu yake, mambo yamekwisha: moyo hauna shauri tena, wala akili haina neno.

Wazee wengi wakipata habari za hikaya hizi husema kuwa ni upuuzi, kisha wakanyamaza. Sisi hatuoni kuwa yafaa kunyamaza. Hikaya ikipendwa na watu wengi namna hii, aghlabu huwa ina swali ndani yake, na swali la hizi ni zito: Je, mtu akiwa ameandikiwa jambo, hiari yake imebaki? Na pendo lisilo na hiari, lastahili kuitwa pendo?

Natutwae mfano ulio mashuhuri. Mwandishi wa Kimarekani, Stephenie Meyer, alitoa kitabu chake Twilight mwaka 2005, na vitatu vingine vikakifuata hadi 2008. Humo, vijana wa kabila la Waquileute, ambao ni wenyeji wa pwani ya jimbo la Washington, hugeuka mbwa mwitu. Mmoja wao, Sam, alikuwa akipendana na msichana aitwaye Leah. Siku moja akamwona Emily, jamaa yake Leah, na papo hapo moyo wake ukageuka. Leah akaachwa bila ya kosa, ikasemwa kuwa Sam hakuwa na uwezo wa kujizuia. Kisha Sam alighadhibika karibu na Emily, akageuka mnyama na kumrarua uso. Alama hazikufutika, na Emily akawa mchumba wake vivyo hivyo. Na katika kitabu cha mwisho, kijana mwingine, Jacob, afungika kwa namna hiyo hiyo na mtoto mchanga aliyezaliwa muda huo. Kwa insafu, twasema kuwa hikaya yaeleza kwamba vijana waliofungika hivyo na watoto huwa kwao kama kaka, mpaka watoto wakue na wachague wenyewe. Lakini ni kuchagua gani, ikiwa mlango umewekwa mmoja tangu utotoni?

Tazameni basi: ahadi imevunjwa, mwanamke amejeruhiwa, na mtoto amefungwa, na yote matatu yamefunikwa kwa guo moja, nalo ni kusema kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Sharia yetu humkalifisha mtu mwenye akili na hiari. Aliyelazimishwa kwa kweli hana lawama, lakini vile vile hana sifa. Mume asiyeweza kuondoka hawezi kusifiwa kwa kuwa hakuondoka. Uzuri wa mume mwema ni kwamba aweza kudhulumu, naye hadhulumu.

Na mwandishi mwenyewe yaonyesha alilihisi jambo hili. Katika kitabu hicho cha mwisho cha hikaya ile, Sam akata shauri la kuishambulia nyumba ya watu, na Jacob aikataa amri yake na kulitoka kundi. Hapo ndipo Jacob aonekanapo kuwa ni mwanamume, kwa kuwa amechagua. Tena hata mbwa mwitu wenyewe wamesingiziwa. Habari za mkuu atawalaye kwa meno zilipata nguvu kwa uchunguzi alioutangaza Rudolf Schenkel mwaka 1947, na wanyama aliowatazama walikuwa wamefungwa. Mtaalamu wa Kimarekani, David Mech, alizieneza katika kitabu chake cha 1970. Kisha akenda kuwatazama porini, katika kisiwa cha Ellesmere huko Canada, na mwaka 1999 akaandika kuwa kundi aghlabu ni baba, mama na watoto wao.

Lakini tusifanye haraka kuwacheka wasichana wetu. Guo lile lile tunalo majumbani mwetu. Mwanamke huja kwao uso umemvimba, akaambiwa, "Rudi, mwanangu, huyo ndiye uliyeandikiwa. Ajali haina kinga." Msichana huozwa bila ya kuulizwa, na akilia huambiwa kuwa ndoa ni kudura. Basi asomayo katika simu yake amekwisha kuyasikia kwa mama yake na shangazi zake, tofauti ni kwamba sisi hatuna manyoya.

Pengine atatokea mtu atuambie: "Je, mwaikanusha kadari, nayo ni nguzo ya imani?" Hasha! Twaiamini, heri yake na shari yake. Lakini tuwatazame walioiamini kabla yetu. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham, alipata habari kuwa huko mna tauni, akaazimu kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamwuliza kama aikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akamjibu kuwa ndiyo, waikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa bonde lenye pande mbili, moja la majani na moja kavu: popote utakapolisha ngamia wako, utakuwa umelisha kwa kadari Yake. Basi mwanamke arudiye kwa mume ampigaye yumo katika kadari, na aendaye kwa Kadhi kutaka haki yake yumo pia katika kadari. Nani aliyemjuza mzee yule kwamba lililoandikwa ni lile la kwanza?

Kauli yetu ni hii: yaliyoandikwa twayajua yakisha kuwa, na tuliyoamrishwa twayajua kabla. Hatutaulizwa kwa yale tuliyofichwa. Tutaulizwa kwa amri, na amri yatutaka ridhaa, uadilifu na wema.

Wala hatukanushi kuwa nyoyo huelekeana. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa roho ni kama majeshi, zilizojuana huzoeana. Lakini kuelekea si kumiliki. Mughith alimpenda mkewe Barira, naye Barira alipoachwa huru utumwani alipewa hiari, akamwacha. Mughith akawa amfuata katika njia za Madina huku machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume (S.A.W.) alimwonea huruma, akamwombea kwa Barira. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa si amri, ni maombezi tu. Akasema hana haja naye, na hapana aliyemlaumu. Ikiwa machozi yale na maombezi yale hayakuiondoa hiari ya mwanamke, litaiondoa neno gani la jirani? Na Khansa binti Khidam, aliyekwisha kuolewa kabla, alipoozwa tena na baba yake bila ya kutaka, Mtume (S.A.W.) aliivunja ndoa ile.

Tunajua kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi baba ana wilaya juu ya binti yake bikira. Lakini maulamaa hao hao wameweka masharti, kama vile kufu na kutokuwapo uadui, na wamesema kuwa kumtaka idhini ni sunna. Mbona twaishika ile ruhusa na kuiacha sunna?

Basi, ndugu zetu, msiwanyang'anye binti zenu hikaya hizi kisha mkaondoka. Kaeni nao, muwaulize: Leah alikosa nini? Emily angekuwa binti yetu, tungemwambia nini? Na jawabu watakayoitoa, sisi wazee tuwe tayari kuisimamia siku mmoja wao atakapobisha mlango usiku, akitaka kuingia.