MANA HUOKOTWA ASUBUHI

Mahubiri juu ya kupiga kura mapema
Masomo: Kutoka 16:13-21, Matayo 20:1-16



Katika jangwa wana wa Israeli walilia njaa, na Mungu akawashushia mana. Kila mtu alikuwa na haki ya kuiokota, mkubwa na mdogo. Lakini mana ilikuwa na saa yake. Aliyeamka mapema alijaza chombo chake. Aliyelala mpaka jua likawa kali alitoka na chombo akakuta udongo mtupu, mana imeyeyuka. Mungu hakumnyima. Mana ilishuka karibu na mlango wake. Usingizi ndio uliomnyima.

Wapendwa, kura yetu ni kama mana ile. Haikuja rahisi. Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960 wanaume tu ndio walioitwa. Mama zetu walipata haki ya kupiga kura mwaka 1967. Mwaka 1970 wazee wetu walipewa karte mbili, ya kijani ya kukubali na nyekundu ya kukataa, na jina lilikuwa moja tu. Ilibidi kungoja mpaka tarehe 30 Julai 2006 ili tuchague rais kati ya majina mengi. Siku ile, katika watu kumi walioandikwa katika nchi nzima, karibu saba walikwenda. Katika kura ya Desemba 2023, hata watano hawakufika. Tume ya uchaguzi, CENI, ilitangaza karibu watu 43 kwa mia. Mana ingali inashuka, lakini vyombo vinabaki nyumbani.

Sasa ninataka kuungama mbele yenu. Munakumbuka ya kama kura ya tarehe 30 Desemba 2018 ilikuwa siku ya Mungu. Mimi mchungaji wenu nilisema: ibada kwanza, kura nyuma. Neno lile lilionekana zuri. Tukaingia kanisani saa mbili asubuhi. Tukaimba, ngoma zikalia, tukaombea nchi yetu, na mimi nikahubiri kwa urefu. Tulipotoka ilikuwa karibu saa sita. Kulikuwa mama mmoja mjane, mwenyeji wa Alunguli, aliyevuka kuja kuabudu pamoja nasi. Akashuka mtoni, akangoja mtumbwi, akavuka. Kwenye shule ambako alizoea kupigia kura, jina lake halikuwa mlangoni. Wakamtuma kwenye shule ingine. Akatembea kwa miguu yake ya uzee. Alipofika, mlango umefungwa.

Siku ya Mungu iliyofuata akaja tena kuabudu. Hakunigombeza. Alinionyesha tu kidole chake, kisicho na wino. Ndugu zangu, si mto uliomnyima mama yule kura yake, na si mashini. Ni mahubiri yangu marefu. Mungu anisamehe, na mama yule anisamehe.

Wengine watasema: Baba mchungaji, katika shamba la mizabibu hata mfanyakazi wa saa kumi na moja alipata dinari yake sawasawa na wa asubuhi. Ni kweli. Na karatasi ya magaribi inahesabiwa moja, sawasawa na karatasi ya asubuhi. Lakini tusome vizuri. Kwanza, mtu yule hakuwa amelala nyumbani. Alikuwa amesimama sokoni, hakuna aliyemwita kazini. Pili, mwenye shamba alitoka yeye mwenyewe kuwatafuta watu, asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja. Biro ya kura haitoki kumtafuta mtu. Inafungua saa kumi na mbili asubuhi, na inafunga saa kumi na moja jioni. Aliye katika mstari saa ile anapewa jetoni na atapiga kura hata usiku ukiingia. Anayekuja nyuma ya jetoni ya mwisho anarudi nyumbani. Saa ambayo mwenye shamba alikuwa angali anaita, biro inafunga mlango. Neema ya Mungu haina saa ya kufunga, lakini kazi za dunia hii zina saa zao.

Kule Zanzibar sheria inawapa watu wa usalama na wasimamizi wa kura siku moja mbele ya wengine. Kwetu hatuna siku ya namna hiyo. Mapema yetu ni asubuhi ya siku ile ile. Sikieni faida zake.

Kwanza, jina. Majina hubandikwa mlangoni. Ukifika asubuhi na jina lako halipo, una saa nyingi za kuuliza na kwenda kwenye biro ingine. Ukifika saa kumi, kosa dogo la karatasi linakuwa kosa lisilo na dawa. Mama yule hakukosa haki, alikosa saa mbili tu.

Pili, mvua na nguvu za mwili. Desemba kwetu ni mwezi wa mvua. Anayevuka mto, anayekuja na kinga au kwa miguu, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye fimbo, wote hawa mvua inawarudisha nyumbani. Vijana, ninyi mukifika mapema, musijivunie nafasi yenu. Muwapishe wazee wapite mbele.

Tatu, moyo. Kadiri jua linavyopanda, maneno yanaongezeka. Huyu analeta pombe, huyu kitenge, huyu chumvi na noti ndani ya bahasha. Mwingine anapiga kelele ya kama fulani amekwisha kushinda, murudi nyumbani. Aliyekwisha kupiga kura hana tena kitu cha kuuza. Amefunga mlango kwa shetani mbele shetani hajabisha.

Ine, ushuhuda. Magaribi kura zinahesabiwa pale pale katika biro, mbele ya mashahidi wa vyama, na karatasi ya matokeo inabandikwa nje. Aliyepiga kura asubuhi amekwisha kula, amepumzika, anaweza kurudi pale kwa amani, bila fujo, kusoma hesabu kwa macho yake.

Lakini sitawadanganya. Tarehe 20 Desemba 2023 watu wengi katika nchi yetu waliamka gizani, wakakuta biro haijafungua. Vyombo vya kura vilikuwa havijafika. CENI ikasema ya kama biro iliyochelewa itafanya kazi saa zake kumi na moja nzima, na ambako haikufunguliwa kabisa, watu watapiga kura tarehe 21. Wengi walikuwa wamekwisha kurudi shambani na sokoni. Kuamka mapema si dawa ya makosa ya wengine. Lakini aliyekuwa pale tangu asubuhi alijua biro imefungua saa ngapi, naye aliweza kuhesabu saa kumi na moja zile na kudai haki yake kwa upole. Aliyelala hakujua hesabu. Basi siku ile tubebe maji, mihogo, kiti kidogo, na uvumilivu.

Wapendwa, kadiri ya Katiba yetu, kura ingine inangojewa mwisho wa mwaka 2028. Siku si nyingi. Mimi mchungaji ninaahidi mbele ya Mungu na mbele yenu: kesha la maombi litafanyika usiku wa mbele yake, na litaisha saa tatu ili watu walale. Siku ya kura ikiwa ni siku ya Mungu, ibada itakuwa siku ile ile saa tisa, na kila mtu aje na kidole chenye wino. Wenye mitumbwi walio katika kanisa letu, ninawaomba muwavushe wazee alfajiri. Wiki moja mbele, vijana wenye kujua kusoma wapite katika kila avenyu kuwasaidia mama zetu kutafuta majina yao.

Kanisa halikuambii jina la kuchagua. Jambo lile ni kati yako na Mungu, katika siri. Kanisa linakuambia saa ya kuamka.

Wanawake walioenda kaburini alfajiri walikuwa wa kwanza kusikia ya kama Bwana amefufuka. Hawakungoja jua. Bwana atupe moyo ule. Na mama yetu wa Alunguli, Mungu amuongezee siku, ili mara ingine anionyeshe kidole chake tena, kikiwa na wino. Amina.

Mchungaji wenu, Kindu